Land Rover ya zamani inasumbua huku pwani ya kusini? Anza na chumvi kabla hujafungua injini

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina miaka kumi na mbili nahangaika na hizi Land Rover za zamani hapa Mtwara, ya kwangu ni 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli na ekseli) Series III ya petroli niliyoachiwa na mjomba, na katika hiyo miaka nimeshika za jamaa wa Mikindani, Lindi mjini, Mtama mpaka Nachingwea. Simu ninazopigiwa ni zile zile, gari haiwaki, gari inachemsha, breki inazama, na mara nyingi mtu anapiga akiwa ameshanunua spea ambayo haikuwa na shida. Hiyo ndo inaniuma, kwa sababu hela ikiisha kwenye spea za kubahatisha gari inasukumwa nyuma ya nyumba, mwaka wa pili wanakuja watu wa chuma chakavu na mizani, na imeisha hiyo.

Na hizi gari kwa huku kwetu sio mapambo. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, wakati ule ule Mwingereza anahangaika na mradi wa karanga Nachingwea, 1947 mpaka 1951, ambao ndo ulisababisha Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu. Karanga zikafeli, reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa 1962 na kung'olewa, Land Rover zikabaki zinafanya kazi. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mvua ikikolea na Rufiji ikijaa kule kwenye pantoni ya Ndundu, kusini tulikuwa kisiwa, mgonjwa wa kijijini alikuwa anapandishwa nyuma ya 109 kwenye tope la magoti. Kwa hiyo mimi naona zinastahili kutunzwa.

Hapa naongelea Series II, IIA na III, yaani kuanzia 1958 mpaka 1985, hasa zenye injini ya petroli ya 2.25, silinda nne, cc 2286. Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen Beetle mambo ya pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa plagi) na athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) yatakufaa na wewe.

Kitu kimoja ukikaa nacho kichwani utaokoa hela: gari iliyokaa karibu na bahari adui yake wa kwanza ni chumvi, wa pili ni kusimama muda mrefu, uchakavu wa injini yenyewe unakuja wa tatu. Sasa watu wengi wanaanza na huo wa tatu.

KABLA HUJASHIKA SPANA

Hizi gari ni za inchi. Spana za milimeta zinalamba vichwa vya bolti, alafu bolti iliyolambwa na iliyoshika kutu ni kazi ya siku nzima. Tafuta seti ya inchi hata ya mtumba. Ongeza testa ya taa, malti mita ya bei ndogo, fila gauji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), msasa laini na brashi ya waya. Vyote hivyo vinaingia kwenye ndoo moja na vinamaliza nusu ya matatizo niliyoandika hapa.

Alafu angalia betri imefungwaje. Series II na IIA za mwanzo nyingi zilitoka kiwandani na athi ya chanya, yaani nyaya ya bodi inafungwa kwenye kichwa cha plasi. Nyingine zimeshageuzwa na mafundi, nyingine bado. Usifunge redio, altaneta wala kushtua betri kwa gari nyingine kabla hujahakikisha, utaunguza kitu.

UNAPIGA STARTI, KIMYA, AU INALIA "TIK" TU

Hili ndo naulizwa kuliko yote na ndo nitakaa nalo sana.

Anza na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani pale, hujahitaji kuendelea mbali. Fungua ya athi kwanza, kisha ya pili, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo (vifuniko vya betri viwe vimefungwa vizuri, yasiingie ndani), piga brashi mpaka ing'ae, kausha, funga, pakaa grisi juu. Jaribu.

Bado? Nenda kwenye athi. Nyaya ya athi inatoka kwenye betri inaingia kwenye chesisi, alafu kuna mkanda mwingine wa shaba uliosukwa unaunganisha injini au giaboksi na chesisi. Huo wa pili ndo muuaji. Uko chini, unapigwa na tope na upepo wa bahari, na hakuna anayeutazama. Ya kwangu ilinisumbua msimu mzima wa kusi, ilikuwa inalala nje kule Shangani, asubuhi tik tik tik. Fundi mmoja akasema stata imekufa, nikanunua stata, ikafanya kazi siku nne (kwa sababu wakati wa kufunga ile mpya tulitikisa ule mkanda ukagusa vizuri kidogo), siku ya tano tik tik tena. Nikalala chini na tochi. Ule mkanda kwa juu ulionekana mzima, lakini nilipoushika kwa vidole viwili ukamomonyoka kama majani makavu ya chai, unga wa kijani ukanimwagikia usoni, zilikuwa zimebaki nyuzi kama sita hivi za shaba zilizoshikilia. Nyuzi sita hazibebi umeme wa stata. Mkanda mpya ulikuwa bei ya soda chache tu.

Kipimo chake ni rahisi. Weka malti mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye chuma kisafi cha injini, nyingine kwenye kichwa cha betri cha athi, sio kwenye kishikio, kwenye kichwa chenyewe. Mtu apige starti. Ikizidi nusu volti athi ni mbovu, usibishane nayo. Kama huna mita chukua nyaya nene ya kushtulia, unganisha kichwa cha athi moja kwa moja na injini, piga starti, ikizunguka umeshapata jibu. Ukibadilisha mkanda kwangua chuma mpaka kiwe cheupe pale unapoufunga, usiufunge juu ya rangi wala kutu, kisha pakaa grisi.

Betri yenyewe sasa. Iliyojaa na kupumzika inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Wakati wa kupiga starti ikishuka chini ya 9.6 peleka ikapimwe. Injini ikiwa inaunguruma mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi, ikiwa chini angalia mkanda wa feni kwanza ndo ulaumu altaneta.

Vyote vikiwa safi ndo unafika kwenye solenoidi (swichi kubwa ya stata) na stata. Na hizi gari zina zawadi yake, hendeli ya mbele. Kama injini inazunguka kwa hendeli bila kukwama na ikawaka, shida ni ya umeme wa stata, injini haina kosa. Hakikisha gia iko nyutro na hendibreki imepandishwa, na ukishika hendeli kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke kwa upande wa pili, maana injini ikirudisha teke inavunja mkono. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Kama haizunguki kabisa hata kwa hendeli na plagi zote zimetolewa, acha. Injini imeshika, usiivute na gari nyingine ukidhani itaachia, ita fundi wa injini.

INAZUNGUKA VIZURI ILA HAIWAKI

Hapa swali ni moja, imekosa moto (cheche ya plagi) au imekosa petroli. Ukijibu hilo usiku huo huo unalala vizuri.

Toa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mtu apige starti. Moto uwe wa bluu na unaosikika. Wa njano na mwembamba ni dhaifu, na kama hakuna kabisa fungua kofia ya distributa. Kwa huku kwetu sababu ya kwanza ni unyevu na chumvi ndani ya kofia, futa kwa kitambaa kikavu na angalia kama kuna mstari mweusi kama wa penseli kati ya shaba na shaba, ukiuona hiyo kofia imekwisha, kufuta hakusaidii. Ya pili ni pointi. Zikikaa bila kufanya kazi zinaota ukungu mweupe na umeme haupiti, pitisha msasa laini katikati mara chache, kisha karatasi safi kuondoa vumbi, alafu seti upana 0.35 mpaka 0.40 ya milimeta pointi zikiwa zimefunguka mwisho. Plagi seti 0.75 hivi. Baada ya hapo ndo kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi), rota (kidude kinachozunguka ndani ya kofia) na koili (inayopandisha umeme wa plagi). Ukizichanganya nyaya za plagi mpangilio wake ni 1-3-4-2, silinda namba moja ni ya mbele upande wa rejeta.

Moto upo lakini haiwaki? Angalia kikombe cha kioo cha pampu ya petroli, kiko ubavuni mwa injini. Kikiwa na maji chini utayaona yamejitenga kama povu la kioo chini ya petroli, na mchanga mwekundu wa kutu ya tenki. Kifungue, kisafishe na kichujio chake, usiharibu gasketi yake ya duara kwa sababu ikivuta hewa pampu haitavuta mafuta. Pampu ina kidude cha kupampu kwa mkono, pampu mpaka uhisi imejaa. Petroli ya kwenye chupa za barabarani huwa naikwepa, na ikinibidi nachuja kwa kitambaa kizito. Gari iliyosimama zaidi ya miezi sita, mwaga petroli yote ya zamani, inanuka kama vanishi na inaziba jeti za kabureta.

ACHA hapa kama unasikia harufu kali ya petroli au unaona inadondoka popote. Usipime moto wa plagi kukiwa na petroli imemwagika, sogeza gari, subiri ikauke, tatua kuvuja kwanza. Na hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu.

INAWAKA ASUBUHI, IKIPATA MOTO INAKUFA

Hii inawachanganya watu sana kwa sababu ukisubiri nusu saa inawaka tena kama haijafanya kitu. Mnatoka Lindi vizuri, mnafika Mingoyo mnapaki mnunue machungwa, kurudi haiwaki.

Ikikufa tu, kabla haijapoa, fungua mfuniko wa tenki usikilize. Ikivuta hewa "fyuuu" na baada ya hapo ikawaka, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Safisha, safari imeendelea. Kama sio hiyo pima moto wa plagi hapo hapo ikiwa bado ina joto. Moto haupo ikiwa na joto ila unarudi ikipoa, ni kondensa kwanza, koili ya pili. Kondensa ni kitu kidogo na rahisi, mimi natembea na moja ya akiba kwenye dashibodi, iliyotolewa kwenye gari nzima, kwa sababu mpya za siku hizi nyingine zinakuja mbovu toka dukani.

Moto upo, basi petroli inachemka kwenye paipu kabla haijafika. Mwezi wa kumi na moja joto la huku unalijua. Lowanisha kitambaa, kizungushe kwenye pampu na paipu, subiri dakika tano, ikiwaka umepata jibu. Dawa ya kudumu ni kuipitisha paipu mbali na eksozi, na kurudisha ile bati ya kinga iliyotolewa na fundi fulani zamani akaona haina kazi.

Kwenye Zenith, kabureta ya nyingi ya hizi gari, kuna oringi ndogo ndani na uso wa juu unaopinda ukikazwa kupita kiasi. Vikiharibika sailensa (muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) inakuwa ya kutetemeka na gari inakula petroli kupita maelezo. Ifungue juu ya meza yenye kitambaa cheupe, uso uweke juu ya kioo, ukicheza umepinda, unasawazishwa kwa msasa juu ya kioo hicho hicho taratibu. Kama hujawahi kufungua kabureta piga picha kila hatua.

INACHEMSHA

Onyo kwanza. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa na moto. Nimeona kifua cha kijana kilivyobanduka ngozi, sitaki kukielezea. Zima, subiri dakika arobaini, ukiweza kuushika mpira wa juu bila kuuachia ndo ufungue, na kitambaa kizito, kidogo kidogo.

Sababu kwa mpangilio wa jinsi ninavyozikuta: maji yamepungua kwa sababu yanavuja mahali (mipira, klipu, au kitundu cha chini ya pampu ya maji), mkanda wa feni umelegea, rejeta imeziba kwa nje, rejeta imeziba kwa ndani, themostati (valvu inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta) imekwama, timingi iko nyuma (moto wa plagi unachelewa), na mwisho kabisa gasketi ya silinda hedi. Nasema mwisho kabisa kwa sababu nimelipia.

Tulikuwa tunapanda kutoka Masasi kwenda Newala, ule mpando wa kuingia uwanda wa Makonde, ikachemsha mara tatu. Fundi wa kwanza kuiona akasema gasketi, hedi ikatolewa, gasketi ikabadilishwa, tukajaribu mpando tena, ikachemsha pale pale kwenye kona ile ile. Gasketi ya zamani ilikuwa nzima, niliiweka na mpaka leo ipo ukutani kwangu. Shida ilikuwa rejeta. Nje ilikuwa imejaa mbegu za nyasi na vumbi lililoganda katikati ya mapezi, ukiweka tochi upande wa injini mwanga hautoki mbele. Ndani kulikuwa na gamba jeupe, kwa sababu mjomba miaka yote alikuwa anajazia maji ya kisima cha karibu na ufukwe, yale yenye chumvi. Tulipoipiga maji kwa nyuma kwenda mbele (kwa presha ndogo, presha kubwa inalaza mapezi) zikatoka mbegu nusu ndoo. Fundi rejeta akaifungua juu na chini akapitisha fimbo kila tyubu. Tokea hapo haijachemsha.

Kwa hiyo jazia kulanti (maji ya dawa ya rejeta), na ukikosa tumia maji ya mvua. Watu wa Newala na Tandahimba wanajua thamani ya maji ya mvua kuliko mtu yeyote, huko juu maji ni shida, kwa hiyo ukienda huko beba dumu lako la lita ishirini, usitegemee kuomba mlangoni kwa mtu.

Themostati ipime jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ya baridi, washa jiko, itazame, inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka kabisa. Isipofunguka nunua nyingine. Mafundi wengi huku wanaitoa moja kwa moja wakisema Afrika haihitajiki, mimi sikubaliani, kwenye hizi injini ukiitoa sehemu ya maji ya moto inapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na siku za baridi injini inakula petroli na kutengeneza uchafu.

Gasketi imekufa kweli ukiona haya: asubuhi injini ya baridi, mfuniko wa rejeta wazi, unawasha na mapovu yanatoka mfululizo, au oili ya kwenye dipstiki imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha. Hapo ACHA kuendesha hata kilomita moja, maji kwenye oili yanaua beringi. Hedi ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha na spana ya toku (inayopima nguvu ya kukaza), hiyo sio kazi ya kukazia kwa kukadiria mkono.

BREKI INAZAMA AU INAVUTA UPANDE

Kama kuna sehemu nakuomba usijaribu bahati ni hii. Nyingi ya hizi gari zina laini moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne, paipu moja ikipasuka hakuna ya akiba.

Ukikanyaga inaenda chini sana lakini ukipampu mara mbili inapanda, mara nyingi ni marekebisho tu, shuu ziko mbali na dramu. Nyuma ya kila gurudumu kuna bolti ya kurekebishia, kaza mpaka gurudumu lishike, legeza kidogo mpaka lizunguke bila kusugua sana. 109 gurudumu za mbele zina mbili kila upande, watu wanasahau ya pili. Imeshikwa na kutu? Mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, usiilazimishe ikavunjika.

Ni laini kama unakanyaga sponji, kuna upepo. Toa upepo ukianza gurudumu la mbali na masta silinda. 109 ni mkaidi kwa kutoa upepo, siri yake ni kukaza shuu zote mpaka mwisho kwanza, ndo utoe upepo, alafu uziseti.

Ukishikilia pedeli na inazama taratibu bila kuvuja nje, ni raba za ndani ya masta silinda. Inavuta upande mmoja, wili silinda inavuja kwenye lainingi, na lainingi iliyolowa mafuta ya breki haifuliwi, inabadilishwa.

Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa mdomo wala kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, inaua mapafu polepole. Lowanisha, futa kwa kitambaa cha maji, kitupe kwenye mfuko uliofungwa. Na jamani msijazie oili ya injini kwenye breki, nimekuta hii zaidi ya mara moja, oili inavimbisha raba zote na siku ya tatu gurudumu zinashika zenyewe barabarani. Ni DOT 3 au DOT 4, basi.

Kama pedeli inazama na hujui kwa nini, gari haitoki uani. Sio "nitaenda polepole mpaka gereji". Fundi aje. Kushuka Newala kwenda Masasi na breki ya kubahatisha ni kuwachezea watu maisha, na hata breki zikiwa nzima shuka na gia ndogo.

TAA HAFIFU, INDIKETA ZINAWAKA KICHAA

Athi tena. Ukiwasha indiketa na taa ya breki ikapepesa, athi ya taa hiyo imekufa. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, zinapokutana na chumvi ya bahari zinaoana vibaya na katikati panaota unga mweupe usiopitisha umeme. Vuta waya wa athi kutoka kwenye taa moja kwa moja mpaka chesisi, sahau bodi. Fyuzi ikiungua mara ya pili usiweke karatasi ya sigara wala waya mnene, gari inaungua hivo. Tafuta waya uliochubuka, ukishindwa ita fundi umeme.

MOSHI

Mweusi, petroli nyingi, choki imebaki imevutwa au kabureta. Wa bluu unapowasha asubuhi kisha unaisha, raba za valvu, unaweza kuishi nao. Wa bluu muda wote na nguvu hakuna, ringi, hiyo ni ovahoo, anza kuweka akiba. Tapeti (zinazosukuma valvu) zikigonga seti nafasi yake 0.25 ya milimeta zote, inteki na eksozi. Na kwa kuwa petroli ya risasi haipo tena toka 2006, tapeti zikiwa zinajifunga zenyewe kila baada ya muda mfupi ujue viti vya valvu vinakwisha, hedi ikitoka safari nyingine weka viti vigumu.

UMEINGIZA GIA, INJINI INAZUNGUKA, GARI HAIENDI

Ulisikia "pwaa" nyuma kabla? Ekseli ya nyuma imekatika, hizi gari zinajulikana kwa hilo. Ingiza fowili, gurudumu za mbele zitakuvuta mpaka nyumbani taratibu, na ukifika ekseli itolewe na vipande vyote vitafutwe ndani ya difu, kipande kimoja kikibaki kinasaga difu zima. Gia ya pili ikilia kwenye Series II na IIA sio ugonjwa lazima, hazina sinkro (inayosawazisha mwendo ili gia iingie bila kulia) kwenye ya kwanza na ya pili, jifunze kukanyaga klachi mara mbili. Gia ikiruka yenyewe angalia oili ya giaboksi kwanza, EP90, kisha ita fundi.

KUTU KWENYE CHESISI

Watu wanatazama bodi, wanaona aluminiamu haina kutu, wanafurahi. Chesisi ni boksi la chuma, linaoza kutokea ndani na nje linabaki na rangi nzuri. Chukua nyundo ndogo, lala chini, igonge kila baada ya inchi nne. Chuma kizima kinaitika "ngii", kilichooza kinasema "pu" kama boga. Gonga sana mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, sehemu spring zinaposhikia, boriti ya nyuma kabisa, na kwenye ukuta wa chuma wa miguuni kwa dereva, chini ya mkeka. Gari iliyokuwa inabeba chumvi mashambani pale usishangae nyundo ikiingia ndani.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Ukitoka ufukweni au kwenye mashamba ya chumvi osha chini kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, zibua matundu ya kutolea maji ya chesisi kwa waya, mara moja kwa mwaka kabla ya masika pulizia nta ya kuzuia kutu kwa ndani kupitia matundu hayo. Kila unapofunga aluminiamu juu ya chuma weka kipande cha raba au rangi nzito katikati.

Kuoza kukiwa kwenye mikono ya pembeni tu, fundi mzuri wa kuchomelea anakata na kuweka mpya. Kukiwa kwenye spring zinaposhikia au reli kuu, usikubali abandike bati juu ya kutu, akate mpaka kwenye chuma kizima, na gari ipimwe isipinde kabla ya kuchomelea. Kazi hiyo mpe mtu aliyewahi kuifanya, sio wa mageti.

Na mwambie hili kabla hajawasha mashine, kwa sababu wengi hawajui: tenki la petroli la nyingi ya hizi gari liko chini ya kiti cha mbele, pembeni kabisa ya ule mkono unaooza kuliko yote. Tenki tupu lenye mvuke linalipuka kuliko lililojaa. Betri ifunguliwe, nyaya za altaneta zitolewe, na tenki litoke lote likakae upande wa pili wa uwanja. Akisema atalifunika tu na gunia la maji, mlipe nauli yake aende, tafuta mwingine.